Umeuziwa Mbuzi, Kamba Imebaki kwa Muuzaji

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Busia, upande wa Uganda, mbele ya wafanyabiashara wadogo, wanafunzi na viongozi wa mtaa. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale waliokuwa sokoni siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha. Projekta yenyewe ilikuwa inasumbua na nusu ya ukumbi haikuziona.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, wanangu wa shule: mulembe! Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Nimesalimia kila upande, asije mtu akasema amerukwa.

Barua ya mwaliko inasema nizungumze juu ya "Teknolojia na Maendeleo". Ndugu zangu, hotuba ya namna hiyo mmeshaisikia. Mnaijua mwanzo mpaka mwisho: dunia imekuwa kijiji, vijana changamkieni fursa, makofi, soda, kwaherini. Mimi ni fundi wa simu. Kazi yangu ni kufungua kitu kilichofungwa nione ndani kuna nini. Leo niruhusuni nifungue.

Hapa kwetu ukinunua mbuzi unapewa na kamba yake. Sijawahi kuona mtu akalipwa hela yote ya mbuzi halafu akabaki ameshika kamba, kwamba siku akikasirika amvute arudi. Mmewahi kuona? Basi nawauliza: hiyo simu iliyo mfukoni mwako, hiyo televisheni ya sebuleni, hizo habari unazosoma asubuhi, kamba yake iko kwa nani?

Naanza na simu, kwa sababu ndiyo inayonilisha.

Kuna mama mmoja muuza samaki, anatoka Majanji, alikuja kwangu uso umemshuka. "Fundi, simu imekufa." Nikaipokea, nikaiwasha. Ilikuwa nzima kabisa. Betri imejaa, skrini haina hata mkwaruzo. Ila kioo chote kilikuwa na maandishi kwamba malipo yamechelewa, na chini yake namba ya kupiga. Basi. Hakuna kingine kinachogusika. Ilikuwa simu ya mkopo, zile unazotoa kianzio halafu unalipa kidogo kidogo kila siku. Alikuwa amekosa siku kadhaa kwa sababu ziwa lilichafuka na mashua hazikutoka.

Sasa sikilizeni. Mama huyu aliacha daftari la karatasi zamani, kwa sababu tulimwambia sisi wenyewe, sisi wajuaji, kwamba karatasi inalowa. Akawa anaandika madeni kwenye simu: fulani amechukua beseni mbili za mukene, yaani dagaa, fulani amelipa nusu. Hayo yote yamefungiwa humo ndani. Yaani anawadai watu, lakini hawezi kujua anamdai nani na kiasi gani, kwa sababu yeye mwenyewe anadaiwa. Na hela ya kulipa simu iko kwa hao hao anaowadai! Mnaiona hiyo?

Akaniomba niifungue. Vijana mnaojua kazi hii mtasema, si unaifleshi tu? Fleshi! Unaweza kufuta kila kitu, ikawaka kama imetoka kwenye boksi. Ikishika tu mtandao, inajitambulisha makao makuu kwa namba ya IMEI, zile tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#. Kule namba hiyo imeandikwa kwamba inadaiwa. Inajifunga tena palepale. Na ukifuta, umefuta na madeni ya mukene. Loki yenyewe haiko kwenye simu, iko kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajui Majanji ni mji au ni ugonjwa.

Alienda akakopa kwa jirani, akalipa, na simu ikafunguka kabla hajamaliza kukaa kwenye benchi langu.

Msinielewe vibaya. Siwatukani wanaouza simu kwa mkopo. Bila wao mama yule angekuwa bado na katochi, kale kasimu kadogo ka vitufe. Deni ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Kinachoniudhi ni mkataba. Ulikuwa kwa Kiingereza, kwenye kioo cha upana wa kiganja, na kijana aliyemuuzia ndiye aliyembonyezea "nakubali". Mama anasoma Kiswahili vizuri, Kisamia ndiyo lugha yake. Nani alimweleza kwamba siku akichelewa, daftari lake nalo litafungwa? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019. Inamwona yule anayechukua taarifa zako akazitumia vibaya. Lakini yule anayekuzuia wewe mwenyewe usizifikie, zikiwa mkononi mwako, mimi sioni inamshikia wapi. Wanasheria mliopo nisahihisheni baadaye, nitanunua chai.

Kamba iko kwa nani? Iko kwa kampuni.

Tuje kwenye burudani. Hapa nina maneno mengi, mnivumilie.

Wangapi hapa walilelewa na kibanda cha video? Inueni mikono, hata wachungaji. Naona. Mabati juu, benchi za mbao, jenereta nyuma inanguruma, televisheni moja na spika mbili zilizopasuka. Unatoa sarafu mlangoni unaingia. Na mfalme wa pale ndani ni VJ, yule anayeitafsiri filamu kwa maiki huku inaendelea. Wa Kampala, kina VJ Jingo na VJ Junior, kwa Kiluganda. Wa ng'ambo ya pili ya mpaka, DJ Afro, kwa Kiswahili. Sisi wa Busia tunao wote, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana juu ya nani mkali zaidi.

VJ hatafsiri tu. Anaishusha sauti ya filamu, anashika maiki, anawapa waigizaji majina ya mtaani kwetu. Mchina akipigwa teke unaambiwa amekumbuka kodi ya nyumba. Bibi yangu, ambaye hakujua neno moja la Kiingereza, alizijua filamu za Hollywood kuliko mwalimu wake wa katekisimu. Nani aliyemletea? Waliozitengeneza hawakuwa na habari naye. Netflix ilipofungua milango karibu dunia nzima, Januari 2016, sisi tukiwemo, ilikuja na sharti la kadi ya benki na intaneti isiyokatika. Bibi hakuwa na kimoja wala cha pili. VJ alitaka sarafu tu.

Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu kuna msanii ameketi mstari wa mbele ananiangalia kwa jicho kali. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, kuchukua filamu ya mtu, ukaitia sauti yako, ukaiuza, ni kosa. Na mkono ule ule unaojaza filamu kwenye flashi pale laibrari, kwenye duka la filamu, ndio unaojaza na nyimbo za huyu ndugu yetu, bila yeye kupata hata shilingi. Sitamwambia avumilie. Lakini naona jinsi sheria inavyotumika: kibanda kinavamiwa, televisheni inabebwa kwenye gari la polisi, watoto wanatawanyika, na wiki mbili baadaye kibanda kingine kimefunguliwa mtaa wa pili. Je, msanii amelipwa? Hajalipwa. Nani amefaidika na msako ule? Mimi ningependa VJ auziwe kibali cha bei anayoiweza, hela iende kwa wenye kazi, kazi iendelee. Hakuna aliyewahi kuninyamazisha kwa hoja juu ya hilo. Wananinyamazisha kwa kuniambia ni jambo gumu.

Televisheni nayo. Mnakumbuka mwaka 2015? Huo ndio mwaka antena zetu za waya zilipokufa. Tarehe ya mwisho ya kimataifa ya kuzima analojia, yale matangazo ya zamani ya antena, ilikuwa tarehe 17 Juni 2015, na kwetu Kampala ndiyo ilianza. Ila sisi wa mpakani tulionja mapema, kwa sababu nusu ya antena za mji huu zilikuwa zimeelekezwa Kenya. Februari mwaka ule Kenya ilizima, na NTV, KTN na Citizen zikatoweka karibu wiki tatu nzima, maana wenyewe walikuwa wanavutana na serikali yao juu ya nani arushe matangazo ya kidijitali. Nilipata wateja mpaka nikachoka. Kila mmoja: "Fundi, TV imekufa." Haikuwa imekufa. Ilikuwa inangoja wakubwa wamalize.

Baada ya hapo likaja dekoda, na dekoda ina mwezi, na mwezi una mwisho. Nimefungua dekoda ambazo malipo yakiisha hata UBC inapotea, na UBC ni mali ya umma, imejengwa kwa kodi ya huyu mama wa mukene. Mwaka wa antena ya waya, masikini alikuwa na picha ya chenga lakini ilikuwa yake. Leo picha inang'aa kama kioo, kwa siku thelathini.

Wazee watasema, kijana, mambo ya kushika kamba hayakuanza jana. Ni kweli. Tarehe 25 Januari 1971 nchi hii iliambiwa kwa Redio Uganda kwamba Rais Obote hayupo tena. Mwanajeshi alisoma sababu 18, moja baada ya nyingine, na mpaka anafika mwisho Amin alikuwa rais. Kuna wazee humu wanaweza kuigiza sauti ile. Wanajeshi walilijua jambo ambalo wataalamu wa teknolojia wamekuja kuligundua kwa gharama kubwa: ukitaka nchi, kamata kwanza kile ambacho watu wanasikiliza. Redio binafsi zikaja mwaka 1993, tukapumua. Halafu Septemba 2009, wakati wa ghasia za safari ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kwenda Kayunga, redio ya Buganda, CBS, ikafungwa, na haikusikika tena mpaka Oktoba 2010. Zaidi ya mwaka mzima! Kuna watu waliokuwa na vipindi, matangazo ya biashara, mishahara. Vyote vikaisha siku moja.

Sasa serikali. Naona mwenyekiti anaangalia saa. Mheshimiwa, nakuomba dakika chache, hii ndiyo sehemu uliyoiogopa, wacha nayo ipite.

Tarehe 18 Februari 2016, siku ya kupiga kura, mitandao ya kijamii ilizimwa, na pesa za simu zikazimwa pamoja nayo. Sikilizeni, pesa za simu. Mtu amelazwa, hela ya dawa iko kwenye simu, na simu inasema jaribu tena baadaye. Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, imeisha nyumbani, huwezi kununua umeme kwa simu. Hao hawakuwa wanapiga siasa.

Mwaka 2018 wakaja kwa mlango mwingine. Kuanzia Julai mosi, shilingi 200 kwa siku ukitaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter. Rais alikuwa ameandika kwa waziri wa fedha akilalamika juu ya umbea wa mitandaoni. Wengi walicheka: mia mbili ni nini? Mimi nikachukua kikokotoo. Mia mbili mara siku 365 ni shilingi 73,000. Mwenye mshahara wa ofisini haioni. Muuza mboga anaiona, na yeye ndiye aliyeacha. Takwimu za UCC yenyewe, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, zilionyesha watumiaji wa intaneti wakipungua kwa zaidi ya milioni 2 ndani ya miezi michache. Serikali ilitarajia kukusanya shilingi bilioni 284 mwaka wa kwanza, ikapata kama bilioni 49.5. Kwa hesabu ya mapato ni aibu. Lakini hebu jiulizeni: kama nia ilikuwa kupunguza maneno, je, ilishindwa?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na nitaurudia mpaka mnichoke. Tunapiga kelele sana juu ya kuzima, kwa sababu kuzima kunaonekana. Dunia nzima inaandika. Bei haionekani. Bei hailazimiki kumkamata mtu wala kufunga redio. Inamwacha muuza mboga ajinyamazishe mwenyewe, tena akisema ni yeye ameamua kubana matumizi. Ile ya mia mbili ilifutwa Julai 2021, na mahali pake tukapewa asilimia 12 juu ya data. Mnaiona kwenye bando lenu? Hamuioni. Imo ndani ya bei. Tulikasirikia kodi tunayoiona, tukapewa tusiyoiona, tukanyamaza. Mia mbili angalau ilikuwa inabisha hodi.

Halafu Januari 2021. Tarehe 11 Facebook ilifunga akaunti ilizosema zinaendeshwa kwa udanganyifu kutoka wizara yetu ya habari na mawasiliano. Tarehe 12 serikali ikafunga mitandao ya kijamii. Tarehe 13 jioni, intaneti yote. Siku tano. Kumbukeni mpangilio huo: mkono wa kwanza kuvuta kamba ulikuwa wa Marekani, wa pili wa Kampala. Wanaoniambia kampuni za nje ni marafiki wa uhuru wetu, nawakumbusha hilo. Sikuona kura iliyopigwa Busia kumchagua mwenye Facebook. Na tangu wakati huo haifunguki hapa bila VPN, ile programu ya kupita mlango wa nyuma wa intaneti.

Siku zile tano nilikuwa kibandani kwangu. Mji huu ulijaa. Watu walikuja kwa boda kutoka Tororo, wengine kwa teksi kutoka Mbale, wanatafuta laini ya Kenya. Aliyekuwa na shemeji ng'ambo akawa mtu mkubwa ghafla. Kulikuwa na mstari karibu na maegesho ya malori, mahali ambapo mtandao wa Safaricom unashika vizuri, na watu wamesimama hapo wamenyanyua simu juu: karani wa mizigo anatafuta hati za forodha, mwanafunzi anatafuta fomu ya chuo, mzee mmoja anataka tu kujua kama mwanawe aliye Dubai yuko hai. Biashara yangu ilinoga, sitawaficha. Nilichaji simu za watu mpaka soketi zikapata moto.

Kuna mtu atauliza: kwa nini kampuni za simu hazikukataa? Mwaka 2020 MTN ilihuishiwa leseni yake kwa miaka 12, kwa dola milioni 100. Aliyelipa dola milioni 100 kwa karatasi habishani na aliyeisaini.

Na nawasikia wale wanaosema maneno yanaua. Sikatai. Mapema 2008 tuliwapokea hapa na pale Malaba majirani zetu wa Kenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi, wanavuka na magodoro kichwani, na ujumbe mfupi wa chuki ulikuwa na sehemu yake katika yale mambo. Niliuona kwa macho kwenye simu za watu. Lakini ukizima kila kitu, unamzima na yule anayetaka kusema "huo ni uongo, mimi niko hapo, hakuna aliyeuawa." Uvumi hauhitaji intaneti. Ulikuwa unatembea kwa miguu mji huu siku zile tano, na hakuna aliyeweza kuukanusha.

Jambo moja kwa haraka, kwa vijana wanaodhani VPN ya bure ndiyo dawa. Simu zinazoletwa kwangu zikiwa nzito, zimejaa matangazo, zinakula betri kabla ya saa sita mchana, nyingi zina VPN mbili tatu za bure ambazo mwenyewe hajui zimetengenezwa na nani. Umeitoa kamba Kampala umeikabidhi kwa usiyemjua hata nchi anayoishi. Mwenye nia ya kuitumia, alipie inayojulikana, au akae bila.

Basi naomba nini? Wauzaji wa simu za mkopo mliopo, na ninawaona wawili: andikeni mkataba kwa Kiswahili na Kisamia, usomwe kwa sauti kabla ya kubonyeza. Na simu ikifungwa, acheni namba za watu na maandishi ya mteja yafunguke. Mnamdai hela, hamdai daftari.

Mheshimiwa diwani, na kupitia kwako mheshimiwa mbunge: hiyo asilimia 12 iandikwe kwenye ujumbe wa bando. Nimenunua bando la kiasi hiki, kodi ni kiasi hiki. Mstari mmoja tu. Duka la sukari linatoa risiti, bando linashindwa nini?

Na ninyi mama zangu, rudisheni daftari la karatasi. Tuliwadanganya. Linalowa, ndiyo, lakini mnunulie mfuko wa nailoni. Namba tano za watu wako wa karibu ziandike ndani ya kabati. Redio ya betri isikose nyumbani.

Jumamosi asubuhi nitakuwa na meza nje ya kibanda changu, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari amekubali kukaa nami. Njooni na mikataba yenu ya simu, hata kama imo ndani ya simu yenyewe tutaipiga picha. Tutaisoma mstari kwa mstari na kuitia Kiswahili, na yale mambo mabaya tutayaandika kwenye bango. Mwenye simu iliyofungwa aje nayo pia, lakini aje na karatasi aliyopewa siku ya kununua. Asanteni. Mwenyekiti, maswali.